Valvu Yako Imetoa Buluu, Baba Niwaeli

Mpendwa Baba Niwaeli,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Basi likae hapo hapo. Lakini ujue tangu mwanzo kwamba umenichosha, na barua hii naiandika nikiwa nimekunja uso, kwenye meza ile ile ya jikoni ambayo mguu wake mmoja ulisema utautengeneza kesho, na kesho hiyo haijafika mpaka leo.

Naiandika wazi, asome yeyote atakayeiona, kwa sababu wewe mwenyewe hupatikani. Nikipiga simu, yule dada wa mtandao ananiambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa, nami nimeshamzoea kuliko nilivyomzoea wifi yangu. Wapo wanaosema umeonekana Tanga, unatengeneza jokofu la bucha. Wengine wanasema umeshavuka mpaka, uko Mombasa. Mafundi wa majokofu mnajuana nchi nzima, na popote ulipo lazima kuna benchi, na kwenye benchi kuna mtu mwenye simu atakayekusomea haya kwa sauti. Ukiona aibu mbele yao, vumilia. Mimi aibu nimeibeba peke yangu tangu ulipoondoka.

Kwa faida ya watakaosoma bila kutujua, niseme kwa kifupi. Wewe ni fundi wa majokofu pale Gerezani, mtaa wa wauza vyuma, mimi ni mkeo, mwalimu wa kemia wa sekondari. Wewe Mpare, mimi Mchaga, kwa hiyo tulikuwa watani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Siku mtambo wa barafu wa kule Feri, kwenye soko la samaki, ulipovuja amonia na kumuumiza Salumu, mfanyakazi wa pale, wewe ulikuwepo, ukamfikisha hospitali. Kisha ukarudi nyumbani nikiwa kazini, ukachukua nguo zako na begi la spana, ukanitumia ujumbe: "Nisamehe. Usinitafute." Ukazima simu. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa nataka nikueleze yaliyofuata, maana yapo usiyoyajua, na yapo unayodhani unayajua.

Ila kwanza nataka ukumbuke tulikotoka. Ukishindwa kurudi kwa ajili ya Salumu, labda utaona haya kwa ajili yangu.

Ulikuja shuleni kutengeneza jokofu la chumba cha walimu. Maabara yetu iko karibu na choo, na wewe ulikuwa unatafuta choo. Kidato cha nne walikuwa wanajiandaa na mtihani wa vitendo. Niliwapa mrututu waliouyeyusha kwenye maji, yale mawe ya buluu ambayo baba yangu kule Machame alikuwa akiyatumia kupulizia kahawa, na kwenye maji yale wakawa wanadondoshea amonia. Kwa matone ya mwanzo yakatokea mashapo mazito, buluu ya kupauka, kama maziwa yaliyotiwa wino kidogo. Wakaendelea kudondosha, mashapo yakayeyuka yote, na ndani ya kioo ikabaki buluu iliyokolea ambayo hata mimi, niliyeiona tangu nikiwa msichana wa shule, bado huwa naitazama mara mbili. Nilipogeuka nikakuona umesimama mlangoni na spana mkononi, choo umekisahau.

"Mwalimu," ukasema, "hiyo rangi mlikuwa mmeificha kwenye chupa gani?"

Wanafunzi wakacheka. Nikakwambia haikufichwa popote. Shaba ikiyeyuka kwenye maji haikai peke yake, inazungukwa na maji, ndiyo maana inakuwa na ile buluu nyepesi. Ukiileta amonia ya kutosha, inayasukuma maji pembeni na kukaa mahali pake, nne nne kuizunguka kila chembe ya shaba, na shaba ile ile inatoa rangi nyingine kabisa. Ulifikiri kidogo, ukajikuna kidevu.

"Kumbe shaba ni ile ile," ukasema, "ila inategemea imekaa na nani."

Nimefundisha somo hilo kwa maelezo marefu, kwa michoro, kwa mipira ya plastiki niliyoichomeka kwenye njiti, na sijapata mwanafunzi aliyelisema kwa ufupi namna hiyo. Hapo ndipo uliponipata, na sikuficha furaha yangu, mpaka wanafunzi wakaanza kugongana viwiko. Wiki iliyofuata jokofu la walimu likaharibika tena. Mpaka leo mwalimu mkuu anaamini ulilegeza waya makusudi, na mimi huwa sikutetei.

Uliniomba kichupa cha ile buluu ukakiweke kwenye benchi lako Gerezani. Nikakupa, nikakusisitizia ufunge kifuniko sawasawa, maana amonia ni gesi na ikipata mwanya haikai. Baada ya siku kadhaa ukarudi umenuna. "Dawa yako imekufa," ukasema, ukanionyesha. Buluu imetoweka, chini kimebaki kitope cha kupauka. Amonia ilijiondokea, shaba ikabaki na maji yake. Hukufunga kifuniko. Na katika ndoa yetu yote sijakuona ukifunga kifuniko cha kitu chochote, si dawa ya meno, si chupa ya mafuta ya kupikia, si ndoo ya maji ya kunywa. Nimefunga vifuniko vyako miaka yote hii nikinung'unika, na siku hizi, nikikuta kila kitu kimefungwa, nanung'unika vile vile.

Tulipooana tulipanga vyumba viwili mtaa wa nyuma ya Msimbazi, na pale kila jioni ulinisimulia shughuli za Gerezani mpaka nikawa najua bei za vitu ambavyo sitavinunua maisha yangu yote. Mimi nilikusimulia kemia. Watu wa dini yetu wanasali pamoja kabla ya kulala. Sisi tulisali, halafu tukabishana kuhusu gesi. Ulikuwa mbishi kwelikweli. Ukoo wako mzima ni watu wa kufungua kesi na kukata rufaa hata kwa kuku aliyevuka ua, na mimi nilikuwa nakutania kwamba ulinioa ili upate mtu wa kubishana naye bila kulipia mahakama. Ulicheka. Kicheko chako nakikumbuka, na nikikikumbuka hasira zinanipanda, kwa hiyo tuendelee.

Ulipoanza kuitwa kwenye mitambo ya barafu, tulikaa tukazungumza kwa makini. Wewe ulilijua jambo hilo kabla yangu, siwezi kukunyang'anya: majokofu ya nyumbani mabomba yake ni ya shaba na hayana tatizo, lakini mtambo unaoendeshwa na amonia haukubali shaba wala brasi, ambayo nayo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Huko ni chuma tu. Mimi nilichokueleza ni kwa nini. Amonia ikipata hewa na unyevu, na pale Feri unyevu wa bahari haukosekani, inaizunguka shaba na kuondoka nayo kidogo kidogo, na brasi iliyokazwa kwa nguvu inapata ufa kwa ndani bila mtu kuona. Kwa nje unaona kifaa kizima. Siku ya siku kinapasuka.

Tatizo ni Gerezani yenyewe. Pale kila kitu kinang'aa. Brasi inapakwa nikeli juu, inapangwa kwenye turubai pamoja na vyuma halisi, na muuzaji naye huenda hajui anachouza. Ndipo tukatengeneza kipimo chetu, mimi na wewe, kwenye meza hii hii. Unapitisha tupa mahali pasipoonekana, unakwangua mpaka upite rangi ya juu, vumbi lake unalitia kwenye kichupa chenye maji ya amonia, unafunga, unatikisa, unaacha mpaka chai ipoe. Maji yakibaki meupe, kifaa kinakwenda kwenye mtambo. Yakigeuka buluu, kifaa kinarudishwa kwa aliyekiuza. Hakikuhitaji elimu kubwa. Kilihitaji tupa na subira.

Ulikipenda kipimo hicho. Ulikuwa unakuja nyumbani na vumbi kwenye kipande cha gazeti, unakaa unakitazama kichupa kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira. Mara moja kiligeuka buluu kwa kiungo ambacho muuzaji alikuwa ameapa kuwa ni chuma, ukanikumbatia mbele ya dada yako, na dada yako akashika kichwa.

Halafu wakaanza kukutania.

Nilisikia kwa masikio yangu siku niliyokuletea chakula kazini. Mmekaa kwenye benchi la kahawa, basi la mwendokasi linapita, na yule muuza vyuma mwenye kofia ya kufuma akasema, "Oya fundi, leo mama kakupa homuweki gani?" Mwenzake akadakia, "Mwache bwana, Mwanafunzi anasubiri matokeo yake." Kumbe walikuwa wameshakubandika jina hilo. Ulicheka nao. Lakini nilikuona ukikisukuma kichupa kwa mguu mpaka nyuma ya boksi la vifaa, na uliponiona nakuona ukajifanya unatafuta nati.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, Baba Niwaeli, na nalisema wazi. Wewe ni mtu uliyebishana na mapadri, na wanasheria, na baba mkwe wako mbele ya ukoo mzima siku ya kuleta mahari. Ukaja kunyamazishwa na watu watatu wanaokula kashata. Tangu siku ile kichupa kikawa kinakaa dirishani hapa nyumbani, mimi nakifuta vumbi.

Siku ya ile valvu nitakukumbusha kama ilivyokuwa, maana nimeirudia kichwani mara nyingi mno. Ulikuja kula mchana. Nilikuwa nimepika makande, nilijinyenyekeza nikapika makande, chakula cha kwenu Wapare, na wewe ukaiweka valvu mezani karibu na sahani, mpya, inang'aa. Ukasema umeipata kwa yule yule mwenye kofia, na kesho yake inafungwa Feri.

"Umeipima?" nikakuuliza.

"Ni stenlesi hii. Ona, sumaku haishiki."

"Sumaku haishiki hata kwenye sufuria ya wali. Nayo ni stenlesi?"

Nikakuonyesha kichupa dirishani, hatua mbili kutoka kwenye kiti chako. Ukaifunga valvu kwenye kitambaa, ukaitia kwenye begi, ukasema taratibu, bila hasira, "Mama Niwaeli, mimi ni fundi. Si mwanafunzi." Ukamaliza makande, ukasifu chumvi, ukaondoka.

Ilikaa miezi. Mtambo ukatengeneza barafu, wavuvi wakapata barafu, na ule mzaha wa benchini ukaisha kwa kuwa hukuwa na kichupa tena. Halafu ikafika siku ambayo Salumu alikwenda kuigeuza ile valvu kama alivyofanya kila siku, ikapasuka mbele ya uso wake.

Salumu unamjua kuliko mimi. Mimi nilimjua kwa maneno yako tu, yule mtu wa Kilwa anayeimba taarabu akisukuma mabonge ya barafu, anayeniita "shemeji" bila kuniona kwa sababu aliwahi kula chakula cha Krismasi nilichokupakia. Nilikwenda kumwona hospitali kesho yake. Kichwa kizima kilikuwa kimefungwa bandeji, mkewe amekaa kwenye sakafu. Nilijitambulisha kwa sauti ya chini, nikitarajia matusi, na nilikuwa nimeyaandalia nafasi. Salumu akageuza kichwa kuelekea niliko akauliza, "Fundi yeye hajaumia?" Nikasema hujaumia. Akasema, "Alhamdulillahi." Nikashindwa kukaa, nikatoka nje nikalia kwenye korido, wauguzi wananipita.

Jicho lake la kushoto limekwenda. Daktari wa macho alijaribu alivyoweza.

Sasa nikueleze kilichotokea ulipokuwa unasafisha majokofu ya watu huko Tanga au wapi. Msimamizi wa mtambo alisema Salumu ndiye mwenye kosa. Kwamba alipachika kipande cha bomba kwenye mpini wa valvu na kulazimisha kuigeuza, ndiyo maana ikapasuka. Salumu anasema hakupachika kitu, aligeuza kwa mkono mtupu. Neno lake dhidi ya neno la msimamizi ambaye hata hakuwepo pale. Likisimama hivyo, Salumu anaondolewa kazini kwa uzembe, mtu mwenye jicho moja, na jina baya limemtangulia kila atakapoomba kazi.

Mkewe akanijia nyumbani. Akasema, "Mwalimu, mume wangu anasema wewe unajua vyuma hivi. Anasema fundi alikuwa anakusifia." Ulikuwa unanisifia huko, kumbe. Hapa nyumbani sikuwahi kusikia.

Nilikwenda Feri, nikamwomba msimamizi aniruhusu niipime valvu mbele yake, akakubali, nadhani kwa kudharau. Tukaenda naye maabara ya shule Jumamosi, hakuna wanafunzi. Ufa ulikuwa mwembamba, umezunguka shingo ya valvu, na kandokando yake kulikuwa na ukoko wa kijani na buluu ambao kwa mwalimu wa kemia ulitosha kabisa. Lakini mimi sikuwa mwalimu wa kemia peke yake asubuhi ile. Nilikuwa mkeo. Nikasema tupime sawasawa.

Nikapitisha tupa, nikatia vumbi, nikatia amonia, nikafunga. Maji yakaanza kugeuka buluu hata kabla sijamaliza kunawa mikono. Na unajua nilifanya nini? Nilitafuta njia ya kukutoa. Nikamwambia msimamizi kwamba nikeli nayo inatoa buluu ikikutana na amonia, na valvu hii imepakwa nikeli, kwa hiyo huenda ni rangi ya juu tu. Hilo si uongo, nikeli inafanya hivyo. Nikaomba nirudie. Safari hii nikakwangua kwa ndani kabisa, mahali ambapo nikeli haikufika, na kilichojitokeza chini ya tupa kilikuwa cha njano. Nilikiona kwa macho, ila niliendelea. Buluu ikatoka, iliyokolea zaidi ya ile ya kwanza. Nikatia asidi mpaka buluu ikafifia, nikatumbukiza msumari niliousugua ukang'aa, tukasubiri. Nikeli isingeufanya msumari chochote. Msumari ukatoka mwekundu, umevaa shaba.

Msimamizi akautazama, akanitazama mimi. Pale ningeweza kusema neno lolote. Yule bwana hajui kemia, ningemwambia msumari ukiwa mwekundu maana yake ni chuma safi na angenishukuru. Nikamwambia ukweli. Hii ni brasi, nikasema, imeliwa na amonia kwa ndani, ingepasuka hata kama ingegeuzwa na mtoto, na Salumu hana kosa. Kosa ni la aliyeifunga. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, nikiwa nimevaa pete yako.

Nina hasira ya kutosha na yule mwenye kofia, na wenzake wa benchini, na viwanda vinavyopaka nikeli juu ya brasi. Lakini wao hawakuniacha peke yangu kwenye maabara na msumari mwekundu mkononi. Ule ushahidi ulikuwa wa kwako kuutoa. Ungekuwepo ungesema mwenyewe, "Ni mimi, nilidhani ni stenlesi, sikuipima," na mimi ningekaa pembeni yako nikiwa nimekukasirikia kama mke anavyomkasirikia mumewe, basi. Badala yake nimegeuka shahidi dhidi yako. Sijakusamehe hilo. Nitakusamehe, najijua, ila bado.

Na haikutosha. Msimamizi akajifuta mikono akasema, "Mwalimu, rangi nimeiona na nimekuelewa. Lakini nani anajua hii ndiyo valvu aliyofunga mumeo? Huenda ilibadilishwa baadaye. Huenda Salumu mwenyewe aliibadilisha. Atakayejua ni aliyeifunga." Nikataka kumtukana. Kisha nikaona ana haki. Mimi niliiona valvu ikiwa karibu na sahani ya makande, lakini sikuiona ikifungwa. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuishika, ukaangalia alama za spana zako, ukasema ni hii. Bila neno hilo, Salumu anabeba kosa lako.

Ndugu zako nimewaambia. Kaka yako mkubwa alisema kwenye simu kwamba tangu azaliwe hajawahi kusikia Mpare aliyekimbia kesi. Alisema kwa utani, lakini hakucheka, na mimi sikucheka. Mwanetu Niwaeli anapiga simu kutoka chuoni kila jioni na swali ni lile lile, mpaka nimeanza kumjibu kabla hajauliza.

Najua unachofikiri huko uliko. Nimeishi na wewe, najua. Unafikiri umemtia mtu upofu, na kwamba hakuna uso utakaokaa nao mbele yake. Ungefungua simu hata mara moja ungejua kwamba si hivyo, na hapa ndipo ninapokuchoka kabisa.

Daktari alinieleza kwamba amonia ikiingia machoni haimalizi kazi yake mara moja, inazidi kuingia ndani kwa kila dakika inayopita, na wengi wanaofikishwa kwake wakiwa wamemwagikiwa wanapoteza yote mawili. Akauliza nani alimwosha Salumu. Nikasema sijui. Salumu akajibu kutoka kitandani.

"Fundi," akasema. "Alinikamata kichwa akakiweka chini ya bomba. Mimi nilikuwa napiga kelele nataka kukimbia, maji yenyewe yalikuwa yanauma. Nikamwambia inatosha, akasema bado. Nikampiga, akasema bado. Nikamng'ata mkono, shemeji, nilimng'ata kama mbwa. Akanifungua macho kwa vidole akaendelea kumwaga. Alikuwa analia kuliko mimi."

Daktari akasema jicho la kulia limepona kwa sababu ya hayo maji.

Hukuniambia. Uliandika "Nisamehe. Usinitafute," ukalisahau hilo. Wakati Salumu anakupiga na kukung'ata hukumwachia. Umekuja kumkimbia akiwa amelala kitandani amefungwa bandeji, hawezi kumfanya mtu lolote. Hebu niambie, hiyo ni akili ya namna gani?

Kikao cha kuamua kosa ni la nani ni Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu, asubuhi, pale pale mtamboni Feri. Mimi nitakuwepo, na mkewe Salumu atakuwepo. Huyo mwenye kofia nimemwita, amesema atakuja, na safari hii hakuwa na mzaha. Bandeji zimeshatolewa. Juzi nilimuuliza Salumu kama ana neno nikufikishie, la hasira au lolote, ana haki nalo. Akasema, "Mwambie tangu siku ile sijamwona. Siku ile sikuwa naona kitu. Mwambie aje nimwone."

Mkeo, Mama Niwaeli